Mwongozo kamili: jinsi ya kujua unachosimamia kweli maishani, na kuwarithisha watoto na wajukuu

Wengi wetu tukiulizwa unasimamia nini maishani tunajibu haraka, Mungu, familia, uaminifu, kazi, basi. Ni majibu mazuri ila ndo majibu ya kila mtu, hata yule aliyekula michango ya harusi ya mdogo wake atakujibu hivyo hivyo. Mtoto hawezi kurithi neno uaminifu kama hajawahi kuliona likifanya kazi ndani ya nyumba. Anachorithi ni kile alichokuona wewe mzazi unakilipia, iwe kwa hela, kwa muda, kwa urafiki uliovunjika au kwa dili uliloliacha lipite huku unalihitaji. Kwahiyo humu ndani sitakupa orodha ya maneno mazuri uchague, tutaanza na ushahidi wa maisha yako mwenyewe, alafu tutaona namna ya kuupeleka kwa watoto, na kwa wajukuu ambao pengine hutawaona.

Tafuta daftari, lile kubwa la kaunta linafaa sana, na jioni kadhaa ambazo hazina mpira wala wageni.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi

Anza na hela. Omba taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi mitatu, M-Pesa, Airtel Money au chochote unachotumia, kaa chini na kalamu upitie mstari kwa mstari. Usihangaike na kodi na umeme, hivyo kila mtu analipa. Tafuta zile hela ulizotoa wakati huna. Mfano ni tarehe 24, mshahara bado, salio limebaki elfu kumi na nane, na hapo hapo umetuma elfu kumi kwa mtoto wa shangazi yako anayehitaji nauli ya kwenda kwenye mtihani. Zungushia duara. Ukikuta maduara matano na manne yanahusu shule za watu wengine, basi kuna kitu unakiamini kuhusu elimu hata kama hujawahi kukisema kwa mdomo. Na kinyume chake pia kinauma lakini ni lazima ukitazame, kama unasema wazazi ndo kila kitu na kwenye miezi mitatu jina la mama halionekani hata mara moja, liandike hivyo hivyo lilivyo.

Pili, andika mambo uliyoyakataa. Kazi uliyoacha, mchumba uliyemwacha, hela uliyorudisha, kikundi ulichojitoa. Hapa ndo kuna dhahabu nyingi kuliko sehemu yoyote, maana kukubali mambo ni rahisi, tunakubali kwa aibu au kwa mkumbo, ila mtu akikataa kitu chenye faida kwake lazima kuna msimamo nyuma yake. Kwa kila tukio jibu maswali mawili, nilipoteza nini, na leo ningekataa tena?

Tatu, hasira. Sio hasira ya foleni, ni ile inayokunyima usingizi. Kuna mtu akimwona konda anamsukuma mwanafunzi asipande daladala siku yake yote imeharibika, na kuna mwingine hilo hata halioni ila akisikia mtu kasengenywa wakati hayupo anatetemeka. Wa kwanza ana jambo na haki ya mnyonge, wa pili ana jambo na heshima ya mtu. Andika hasira zako tatu.

Hatua ya 2: Uliza watu wanaokujua bila mapambo

Chagua watatu, na usichague marafiki wa kukusifia tu. Mmoja awe ndugu mkubwa, shangazi au baba mdogo aliyekuona ukikua. Mmoja awe mtu uliyefanya naye kazi. Wa tatu awe mtu ambaye kimaisha yuko chini yako, fundi wako, bodaboda wako, dada wa kazi aliyewahi kukaa kwako, huyu ndo mwenye taarifa sahihi kuliko wote. Waulize hivi tu: "Ukitaka kumweleza mtu asiyenijua mimi ni mtu wa namna gani, utamsimulia tukio gani?" Dai tukio, usikubali sifa. Akisema "we ni mtu mzuri" mwambie asante alafu rudia swali.

Hatua ya 3: Tenganisha ulichochagua na ulichobebeshwa

Sasa una kurasa kadhaa. Kabla ya kufurahi, uliza kila kitu kimetoka wapi, na hapa naomba usipite haraka maana ndo sehemu familia nyingi zinakosea na kurithisha sumu zikidhani zinarithisha heshima.

Chukua mfano wa "mambo ya nyumbani hayatoki nje." Kwenye nyumba nyingi hii ni stara na ni nzuri, mke na mume hawaaniki ugomvi wao, watoto hawapeleki umbea mtaani. Lakini sentensi hiyo hiyo ndo imefunga midomo ya watoto walioguswa vibaya na ndugu, kila mtu anajua na hakuna anayesema. Kwahiyo usiibebe nzima. Iandike upya, kwetu tunatunza siri za watu ila hatutunzi siri ya mtu anayeumiza mtoto. Fanya hivyo kwa kila uliyoyapokea. Bidii ya kazi, ni kupenda kazi au ni woga wa umaskini uliouona kwa baba? Heshima kwa wakubwa, ni adabu au ni kuogopa kuuliza? Upendo kwa ukoo, unawahusu na mabinti kwenye mambo ya shamba au wao wanapendwa tu bila kugawiwa?

Kama jambo lilikuumiza ukiwa mtoto na ukubwani bado hulielewi, una ruhusa ya kuliacha lifie kwako. Hilo nalo ni kurithisha.

Hatua ya 4: Punguza, alafu uandike kwa vitendo

Baki na matatu au manne, zaidi ya hapo hata wewe utasahau. Kipimo ni kimoja, je limewahi kunigharimu? Kama halijawahi kukugharimu chochote liweke pembeni, sio kwamba ni baya, ila bado ni tamanio.

Alafu yaandike kama sentensi zenye kitendo. Wazee wetu waliosoma miaka ya sitini na sabini muulize yeyote leo ahadi za mwanachama wa TANU, kile chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, atakutajia bila kusita: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Ona zilivyojengwa, kuna mtu anayesema mimi, kuna kitu anachokifanya au asichokifanya, na ni fupi kiasi kwamba mtoto wa darasa la tatu anaibeba. Zingeandikwa "uadilifu, uwazi, uwajibikaji" kama yale mabango ya mapokezi maofisini, hakuna ambaye angezikumbuka mpaka leo.

Kwa nyumbani neno zuri la kuanzia ni "kwetu." Kwetu hela ya mtu hailali bila yeye kujua. Kwetu mgeni hali peke yake. Kwetu anayefeli hachekwi, anasaidiwa. Kwetu mtu akikosa anaomba msamaha hata kama ni baba. Zisome kwa sauti, ikiwa inasikika kama hotuba ya mgeni rasmi ifute uandike tena kama unavyoongea jikoni.

Hatua ya 5: Kaa na mwenzio

Kama mnalea wawili usitangaze kitu kabla hamjakaa. Kila mmoja aandike zake peke yake, mbadilishane, mtafute zinazofanana. Zisizofanana msigombane, kubalianeni tu kwamba hakuna atakayemsema mwenzake mbele ya watoto. Kwenye ndoa za makabila mawili au dini mbili hii ni muhimu mara mbili, maana watoto wanasikia "kwetu" mbili, ya kwa baba na ya kwa mama, na wakiona zinashindana wataziacha zote.

Kama unalea peke yako, mtafute shangazi au mjomba mmoja wa kushika upande wa pili, mtoto asikie maneno yale yale kutoka mdomo mwingine.

Hatua ya 6: Kila sentensi iwe na stori yake

Sentensi bila stori ni bango. Stori ndo inayovuka kizazi, na stori inayovuka sio ile ya ushindi, ni ile yenye bei.

Ntakupa ya nyumbani kwetu. Babu alikuwa karani kwenye chama cha msingi cha kahawa, upande wa Moshi, ile kazi ya kukaa kwenye mzani msimu wa kununua. Siku moja akaja shemeji yake, kaka wa damu wa bibi, na gunia la kahawa ya maganda. Juu ilikuwa imekauka vizuri kabisa inalia ukiichota. Babu akaingiza mkono mpaka chini ya gunia, akatoa konzi, akang'ata punje moja, ikaingia jino, yaani bado mbichi. Foleni yote inatazama. Akamwambia irudishe nyumbani ukaanike. Bibi alikasirika sana, na shemeji hakukanyaga pale nyumbani tena, Krismasi zikapita. Baadaye babu mwenyewe ndo aliyebeba jani la masale, ambalo kwa Wachaga ukimpelekea mtu kuomba msamaha si rahisi akukatalie, akaenda kwa shemeji yake. Na alichoomba msamaha hakikuwa mzani. Aliomba msamaha kwa kumuaibisha mbele ya watu, alisema angeweza kumwita pembeni.

Kwetu mpaka leo mtoto akileta ripoti ya shule iliyopambwa juu juu, mtu anamuuliza, "na chini ya gunia?" Wengine wanaouliza hivyo hawajawahi kuona mti wa kahawa.

Ukitengeneza yako hakikisha ina vitu hivi: mahali panapoonekana, kishawishi cha kweli (asiwepo mtu mbaya wa sinema, awepo ndugu au shida), kitu kilichopotea, na kama kipo, kile ambacho mhusika alikosea hata wakati yuko sahihi. Hiki cha mwisho usikiache. Watoto wanaikimbia stori ambayo babu ni malaika.

Huna stori ya ukoo? Nenda kwa wazee wakiwa bado wapo. Usimuulize bibi "maadili yako ni yapi," atakuambia mche Mungu. Muulize ni lini alikuwa na njaa na nani alimpa chakula, nani alimdhulumu na alifanya nini, jina la mtoto wake huyu alilitoa wapi na kwanini. Washa rekoda ya simu, muombe ruhusa, uweke juu ya meza, alafu uwe kimya. Akinyamaza usijaze ukimya, mara nyingi kitu chenyewe kinakuja baada ya hapo.

Hatua ya 7: Weka kwenye maisha ya kila siku

Kwa wadogo, chini ya miaka sita hivi, usihubiri kabisa. Wanaangalia tu. Wanaangalia dada wa kazi anakula nini na anakula wapi, anaitwa kwa jina gani na sauti gani. Ukitaka mtoto ajue utu ni nini anza na hiyo meza, kwa sababu kama nyama inaishia kwenye sahani za wenye nyumba, hakuna somo la dini litakaloifuta hiyo picha.

Kuanzia miaka saba mpe kazi zenye uzito. Mtume dukani, na siku Mangi mwenye duka akizidisha chenji mia tano usiirudishe wewe, tembea naye mrudi wote, airudishe kwa mkono wake, asikie anavyoshukuriwa. Msibani usimfiche chumbani na katuni, abebe viti, agawe maji, ajue kwamba watu wakifiwa sisi tunaenda na kazi zipo. Ramadhani apeleke futari kwa jirani yeye mwenyewe, na kama nyie ni Wakristo basi sahani ya Krismasi ivuke ukuta vile vile.

Vijana wa sekondari ndo wagumu, na ndo wanaohitaji kuaminiwa. Jaribu hili, mpe bajeti ya michango ya familia ya mwezi mmoja, tuseme elfu hamsini, mpe na madai yote, kadi mbili za harusi, msiba mmoja, na rambirambi ya kazini. Mwambie agawe yeye alafu aeleze sababu. Atakuja na majibu ambayo hukuyategemea, anaweza kusema harusi zote sifuri, hela yote iende msibani. Usimkatishe. Bishaneni kabisa, muulize maswali, na kama ulisema ataamua yeye basi tuma alivyoamua hata kama shangazi atanuna.

Na safari ya nyumbani. Wanaopanda mabasi kila Desemba kwenda Kilimanjaro wanacheka wakiulizwa kwanini wanatumia hela zote hizo, ila pale kihambani, kwenye shamba la ukoo la migomba, mtoto anaona kaburi la babu mkuu lilipo, anapewa panga akate majani ya ndizi, anaona wakubwa waliogombana wakikalishwa chini. Ukiwa na kwenu popote pale, Pemba, Bukoba, Kisumu, Bujumbura, mpeleke, na akifika mpe kazi, asikae kama mtalii na simu. Kwa wenye watoto wanaokulia Muscat au Minneapolis na safari ni ya miaka, tuma sauti, dakika tatu nne kwa Kiswahili chako cha kawaida, stori moja kila Ijumaa au Jumapili, na siku wakija wasikie stori hiyo hiyo kutoka kwa mtu aliyekuwepo.

Hatua ya 8: Andika barua

Hii sio mila ya kuletwa. Mwaka 1858 huko visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima, akatunga utendi wa beti zaidi ya mia moja kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Anamwita asogee karibu na wino na karatasi, anamwambia nina maradhi, nina jambo la kukuambia, alafu anaanza, dini, adabu, ulimi, namna ya kuishi na mume na watu. Leo mabinti wengi hawatakubali yote aliyosema kuhusu mume, na ni haki yao, lakini angalia alivyolifanya, aliandika kwa mtoto mmoja mwenye jina, alieleza kwanini anaandika sasa hivi, na aliandika kwa lugha aliyokuwa anaongea naye. Shaaban Robert naye aliwaandikia watoto wake tenzi, wa binti na wa kijana. Wewe huhitaji vina na mizani. Kurasa mbili zinatosha.

Anza na jina la mtoto na kitu kimoja ulichokiona kwake mwenyewe. Fuatia na zile sentensi zako tatu nne, kila moja na stori yake fupi. Kisha andika ulipopokea, nani alikufundisha. Kisha yale uliyoyaacha kwa makusudi na kwanini, ili asije akayaokota tena akidhani uliyasahau. Mfano:

"Neema mwanangu, tangu mdogo ulikuwa huli pipi bila kumkatia mdogo wako, sikukufundisha, ulikuja nayo. Kwetu hela ya mtu hailali bila yeye kujua. Nimeliona kwa mama yangu, aliwahi kutembea mpaka kwa muuza mkaa usiku kwa sababu ya shilingi mia mbili, mvua inanyesha, na sisi tulikuwa hatujala. Kuna kitu sikutaka kukupa, sisi tulipigwa tukiuliza maswali. Wewe uliza."

Usiweke vitisho. Habari za "ukienda kinyume sitakupa radhi" zinamfanya mtoto aifiche barua chini ya kabati maisha yake yote. Radhi yako mpe moja kwa moja mwanzoni, bila masharti, alafu useme ya kusema. Na usitumie barua kumaliza ugomvi na mzazi mwenzio, hilo mtoto hana pa kulipeleka.

Kingine, barua hii sio wosia wa mali. Mambo ya kiwanja, nyumba na akaunti yaende kwenye wosia wa kisheria wenye mashahidi, kwa Tanzania RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanasaidia kuandika na wanatunza, na kwa Muislamu kumbuka wosia haupiti theluthi moja ya mali. Ukichanganya vitu hivi viwili kwenye karatasi moja watu watasoma kutafuta shamba, maneno yote mengine watayaruka.

Hatua ya 9: Tunza, na uipitie

Sauti zilizobaki WhatsApp tu zinaondoka na simu ikiibiwa. Zihamishe, ziweke kwenye Google Drive na kwenye flashi, na barua uiprinti stationery au uiandike kwa mkono, mkono ni bora, wajukuu watapenda kuona mwandiko. Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu unayemwamini nje ya mji wako, moto na mafuriko havichagui.

Kila mwaka mkikutana itoe, usome sentensi zile tu, sio barua nzima, uwaulize watoto mwaka huu ni lini tuliishi hivi na ni lini tulishindwa, na wao wanaruhusiwa kukutaja wewe. Ukitajwa na ni kweli omba msamaha pale pale mezani. Kama kuna kitu umebadili mawazo usikifute, kikate mstari mmoja, andika kipya pembeni na tarehe, waone kwamba mtu mzima anaweza kufikiri upya. Kijana wa miaka kumi na nane au ishirini mwambie aandike yake ya kwanza kwenye ukurasa unaofuata wa daftari hilo hilo, "kwetu" yake, hata kama inapingana na yako.

Na umwambie angalau mtu mmoja leo daftari linakaa wapi.